HESABU ZA SIMU ZA UPEPO ZIPIMWE UWANJANI

Mambo ya mawimbi ya redio huonekana kwa watu wengi kuwa ni mambo ya mafundi na wataalamu peke yao, na gazeti la wakulima na wafanya kazi likiyashika, wako watakaouliza yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Mtu wa zimamoto anapoingia katika jengo lililojaa moshi akiwa na redio mkononi, uhai wake umewekwa juu ya hesabu iliyofanywa na mtu asiyemjua, katika chumba asichopata kukiona, kwa kompyuta. Hesabu hiyo ikiwa ya kweli, sauti yake itawafikia wenzake. Ikiwa si ya kweli, hatajua mpaka siku ile atakapoita asijibiwe. Kwa sababu hiyo leo twataka kusema maneno machache juu ya mitandao ya simu za upepo isiyokuwa na minara, na hasa juu ya hesabu zinazotumiwa kuisifu.

Simu ya mkononi ya kawaida haizungumzi moja kwa moja na simu ya jirani yake. Huzungumza na mnara, na mnara ndio upelekao maneno kwa mwingine. Mnara ukianguka, au ukikosa umeme, simu mbili zilizo hatua kumi tu kati yao huwa bubu. Katika mtandao usio na minara mambo ni mengine: kila chombo hupokea habari na kuipeleka mbele, hata kama habari hiyo si yake, mfano wa watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua. Watu wakihama, msururu hujipanga upya wenyewe, wala hapana msimamizi katikati. Katika jumuiya ya mafundi wanaoweka kanuni za intaneti, kundi maalumu la kuitengenezea mitandao hii kanuni zake liliundwa mwaka 1997, na mbili katika kanuni hizo, ziitwazo AODV na OLSR, zikatangazwa mwaka 2003. Leo vyombo vya namna hii vyauzwa kwa majeshi, kwa polisi, kwa migodi na kwa vikosi vya uokoaji.

Muuzaji ajapo na chombo chake huja pia na karatasi. Katika karatasi hiyo mna mchoro mzuri wenye mistari inayopanda, na chini yake imeandikwa kwamba katika kila ujumbe mia uliotumwa, karibu wote ulifika. Mnunuzi hutikisa kichwa kwa kuridhika. Ni wachache wanaouliza swali lililo jepesi kuliko yote: ulifika wapi? Mara nyingi jibu la kweli ni kwamba haukufika popote, kwa kuwa haukutumwa popote. Ulitumwa na kupokelewa ndani ya kompyuta, katika nchi isiyo na milima, isiyo na miti, isiyo na mabati wala mvua.

Tufahamike vema. Sisi hatuna ugomvi na hesabu. Anayetaka kujua vyombo 500 vitafanyaje kazi pamoja hawezi kuwakusanya watu 500 kila Jumatatu na kuwatembeza mpaka jua litue. Hana budi kutengeneza kielelezo, yaani mfano wa jambo lenyewe kwa tarakimu, kisha aujaribu mfano huo mara elfu kwa gharama ndogo. Tena, elimu hii ilianza kwa hesabu nyofu kabisa. Mwaka 1971, katika visiwa vya Hawaii, Bwana Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu waliunganisha visiwa kwa redio ili kompyuta ziweze kupelekeana habari angani. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: kila mwenye neno aseme anapotaka, na maneno mawili yakigongana, yasemwe tena. Abramson akakokotoa kwamba kwa kanuni hiyo njia ya hewani haiwezi kubeba zaidi ya asilimia 18 au kupita kidogo ya uwezo wake. Hakuificha tarakimu hiyo ndogo. Na kwa kuwa hakuificha, mwaka 1972 Bwana Lawrence Roberts alionyesha kwamba kila mtu akianza kusema kwa mapigo ya saa moja, uwezo huo unazidi mara mbili. Hiyo ndiyo kazi ya kielelezo chema: kukuambia ubaya wa chombo chako kabla hujakitegemea.

Baadaye Idara ya Ulinzi ya Marekani ilitia fedha nyingi katika redio za namna hii, na hapo ndipo vyombo viliwekwa juu ya magari yaendayo, katika miaka ya 1970, huko California. Wako wanaosema kwamba chombo kilichozaliwa kambini hakifai kutumiwa na raia. Sisi hatukubali. Nyundo haiulizwi ilifuliwa na nani, bali inapigilia nini.

Kuna hesabu mbili au tatu ambazo kila mnunuzi wa serikali angefaa kuzijua, maana hazihitaji elimu kubwa kuzielewa. Hewa ni moja. Chombo kimoja kinaposema, jirani zake wote hawana budi kunyamaza, ama sivyo maneno yatavurugika. Kwa hiyo habari ikipita katika msururu mrefu wa vyombo, chombo cha kwanza hakiwezi kutuma neno la pili mpaka la kwanza limekwenda mbali. Mwaka 2001 wataalamu wa chuo cha MIT walikokotoa kwamba hata mambo yakienda vizuri kabisa, msururu kama huo hubeba robo tu ya uwezo wa redio moja. Kisha wakaitazama taratibu ya Wi-Fi kama ilivyo, wakaona haipati hata robo, bali hupata kama sehemu moja ya saba. Mwaka mmoja kabla yao, mabwana Gupta na Kumar walikuwa wamethibitisha jambo zito zaidi: vyombo vikizidi katika mtandao, fungu la kila kimoja hupungua, na hapana ufundi wa kulizuia. Vikiongezeka mara nne, kila kimoja hubaki na nusu ya fungu lake au chini kidogo ya hapo. Muuzaji anayeahidi kwamba mtandao wake utakua pasipo kikomo, na kila mtu abaki na kasi ile ile, ama hajasoma au anadhani sisi ndio hatujasoma.

Mwaka 2001 Bwana Grossglauser na Bwana Tse walileta habari ya kutia moyo, kwamba watu wakitembea, mwendo wao wenyewe waweza kulisaidia fungu hilo lisipungue, kwa sababu mtu anaweza kuibeba habari mfukoni na kuitoa atakapokutana na mwenyewe. Lakini habari hiyo itachelewa, pengine sana. Mwanasayansi anayekusanya vipimo vya mvua aweza kungoja. Mtu aliyenaswa chini ya zege hawezi.

Mpaka hapa hesabu zimesema kweli. Uongo huanza pale mtengeneza kielelezo anaposahau kwamba ameirahisisha dunia ili apate kuihesabu, akaanza kuamini kwamba dunia ni rahisi hivyo. Kielelezo cha kawaida husema kwamba mawimbi ya redio huenea kwa duara kamili kumzunguka mwenye chombo, kama mwanga wa kandili uwanjani. Aliye ndani ya duara husikia kila neno, na aliye nje hasikii hata moja. Husema pia kwamba nguvu ya mawimbi hupungua kwa mpango maalumu: umbali ukizidi mara mbili, hubaki robo, au, kwa vyombo vilivyo karibu na ardhi na vikiwa mbali mbali, hubaki sehemu moja ya kumi na sita. Yote mawili ni kweli mahali patupu. Lakini ni nani kwetu anayeishi mahali patupu? Bati la nyumba huyarudisha mawimbi nyuma. Mwembe wenye majani mabichi huyanywa, na majani yaliyolowa huyanywa zaidi. Juu ya maji ya bahari mawimbi huruka na kurudi, na yale yaliyoruka huweza kuyaua yale yaliyokuja moja kwa moja, hata mvuvi akapoteza sauti ya mwenziwe mahali fulani, na aliposogea mbele kidogo akaipata tena. Nguvu haikupungua kwa mpango wowote unaoandikika katika mstari mmoja.

Mwaka 2004 wataalamu wa chuo cha Dartmouth, Bwana David Kotz na wenzake, waliandika orodha ya mambo ambayo watengeneza vielelezo huyaamini bila kuyapima. Dunia ni bapa. Eneo la redio ni duara. Redio zote zina nguvu sawa. Nikikusikia mimi, nawe wanisikia. Nikikusikia kidogo, basi nakusikia sawasawa. Hawakutosheka na kuandika. Walichukua kompyuta za mkononi zaidi ya 30, wakawapa watu wazibebe wakizunguka katika uwanja wa michezo, wakapima. Hata katika uwanja ule mtupu, usio na nyumba wala gogo, imani zile hazikusimama. Hili la nne ndilo linalotutisha zaidi. Kanuni nyingi za kupanga njia hutegemea kwamba njia ya kwenda ndiyo njia ya kurudi. Ikiwa kiongozi wa kikosi amsikia mtu wake aliye ndani, lakini mtu yule hamsikii kiongozi, amri ya kutoka haitamfikia, na kiongozi atadhani imemfikia.

Jambo la pili ni mwendo. Kielelezo kilichopendwa kuliko vyote, ambacho asili yake ni kazi ya Bwana Johnson na Bwana Maltz ya mwaka 1996, humfanya mtu atembee hivi: achague nukta yoyote katika uwanja, achague mwendo wowote, aende moja kwa moja hadi pale, asimame kidogo, kisha achague nukta nyingine. Twamwuliza msomaji, umepata kumwona mtu atembeaye hivyo, asipokuwa mlevi? Wavuvi hutoka pamoja usiku na kurudi pamoja asubuhi. Wachimbaji wa Mererani hufuata shimo. Watu wa zimamoto hupanda ngazi ile ile, wawili wawili, nao hukaa karibu karibu kwa amri. Mwendo wa watu wenye kazi hufuata kazi yao, na mtu asiyeijua kazi hawezi kuubuni mwendo huo akiwa amekaa kitini.

Na tena, hata kwa masharti yake yenyewe, kielelezo kile kilikuwa na kasoro iliyokaa miaka saba kabla ya kufichuliwa. Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba mtu wa kielelezo akiruhusiwa kuchagua mwendo mdogo sana na nukta ya mbali, atakaa njiani muda mrefu mno. Kadiri saa zinavyokwenda, watu wengi zaidi hunaswa katika safari hizo za konokono, na mwendo wa wastani wa wote huendelea kushuka kuelekea sifuri. Maana yake ni nini? Ni kwamba mtafiti alidhani anapima mtandao wa watu waendao mbio, kumbe kila dakika watu wake walikuwa wakielekea kusimama; na mtandao wa watu waliosimama ni mwepesi kuuendesha. Basi sifa nyingi zilizoandikwa juu ya kanuni hii au ile zilikuwa na walakini, na mwenye kuziandika hakuwa na habari.

Hayo ni makosa ya kibinadamu. Lakini liko jambo lisilosameheka kwa urahisi hivyo. Mwaka 2002 wataalamu wa Uswisi waliichukua kanuni moja nyepesi ya kueneza habari wakaijaribu katika programu tatu mashuhuri za kuigiza mitandao. Programu tatu zikatoa majibu yasiyofanana, na tofauti haikuwa ndogo. Mwaka 2005 Bwana Kurkowski na wenzake, huko Marekani, walizipekua makala 151 za mkutano mkubwa wa elimu hii, zilizotolewa kati ya mwaka 2000 na 2005. Makala 114 kati ya hizo zilitegemea maigizo ya kompyuta. Nyingi hazikueleza vya kutosha jinsi kazi ilivyofanywa, hata wakaona kwamba zinazoweza kurudiwa na mtu mwingine hazikufika asilimia 15. Fundi seremala akikuuzia kiti na kukataa usikikalie kwanza, utakwenda duka jingine. Kwa nini tuwe wapole zaidi kwa wauza hesabu?

Pengine itadhaniwa kwamba twadai jambo lisilowezekana. Sivyo, na mfano uko hapa hapa Afrika Mashariki. Katika Laikipia, Kenya, mwezi wa Januari 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha punda milia kola zenye redio na vibao vya kupokea nguvu za jua. Hapakuwa na mnara wa kuwahudumia wanyama hao. Kila kola iliandika mahali mnyama alipopita, na punda milia wawili wakikutana, kola zao zilipeana habari walizokusanya, hata mtafiti aliyepita na gari akimkaribia mnyama mmoja aliweza kupata pia habari za wengine asiowaona. Huo ulikuwa mtandao wa kuhamahama usio na minara, katika maana yake kamili.

Linalotupendeza zaidi katika kazi hiyo ni jinsi walivyotengeneza kielelezo kabla ya kuja. Hawakusema kwamba punda milia huchagua nukta yoyote. Walikaa na wataalamu wa wanyama waliokwisha kuwatazama punda milia malishoni, wakauliza: mnyama huyu hufanyaje? Wakaambiwa kwamba hulisha akijongea polepole, tena hutembea huku akilisha, na mara chache hukimbia. Na kwamba kiu humpeleka majini. Wakaweka mwendo wa namna tatu, wakaweka na kiu. Kisha wakaja Laikipia kujaribu vyombo vyenyewe, juani na vumbini, shingoni mwa mnyama asiyejali ufundi wa mtu. Yaani punda milia alipewa heshima ambayo mfanya kazi wa zimamoto hajapewa katika vielelezo vingi: ya kutazamwa jinsi aendavyo.

Kwetu jambo hili si la kuwaza tu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo asubuhi, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Waokoaji walifanya kazi kwa siku kadhaa kuwatoa waliofunikwa. Hatusemi kwamba redio ya namna hii ingewaokoa waliokufa. Kusema hivyo kungekuwa ni kuwadhihaki. Twasema kwamba kazi kama zile zitakuja tena, na kwamba siku moja mtu atapendekeza vyombo hivi vinunuliwe kwa fedha za umma kwa ajili yake. Siku hiyo karatasi ya muuzaji itakuwa na mchoro wa uwanja mtupu. Zege lililovunjika, lenye nondo ndani yake, si uwanja mtupu. Mawimbi ya masafa ya Wi-Fi hupenya humo kwa shida, na yale ya masafa ya chini hupenya vizuri zaidi, lakini hubeba habari kidogo. Ni chombo kipi kichaguliwe basi? Hapana kompyuta ya ng'ambo inayoweza kulijibu hilo kwa niaba yetu.

Vyuo vyetu vinaweza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha vina vijana wenye kuijua elimu hii. Yafaa wapewe kazi ya kupima, na si kazi ya kuigiza peke yake: wachukue redio ishirini waende nazo katika vichochoro vya Kariakoo mchana wa soko, katika mikoko ya Rufiji, katika mteremko wa Hanang, katika ghorofa ya chini ya jengo lolote ambalo mwenyewe ataliruhusu. Waandike kila neno lililotumwa na kila neno lililopotea, mahali na saa. Vipimo hivyo viwe mali ya umma, na kila muuzaji aambiwe aulishe mfano wake wa hesabu kwa vipimo hivyo mbele ya watu, si kwa vyake.

Gharama? Ndiyo, ipo. Mafuta ya gari, posho ya vijana, betri. Ni ndogo mbele ya bei ya vyombo vyenyewe, na wanaoogopa kuitoa wangejiuliza mbona hawakuogopa kulipia mchoro. Wako pia watakaosema kwamba siku hizi satalaiti huzungumza na simu, kwa hiyo mambo ya kupokezana yamepitwa na wakati. Satalaiti huona paa la jengo. Haioni chumba cha chini.

Jambo moja tena, na hili twalisema kwa vyama vya wafanya kazi. Katika kupima huko, watakaobeba redio wasiwe wanafunzi peke yao. Wawe watu wa zimamoto wenyewe, wakiwa wamevaa mavazi yao ya kazi na mitungi ya hewa mgongoni, wakipanda ngazi jinsi wanavyopanda siku zote, kwa sababu mwili wa mtu nao huzuia mawimbi na mtungi wa chuma huzuia zaidi. Mwakilishi wao awe na sahihi katika karatasi ya kukubali chombo, na pasipo sahihi hiyo kisinunuliwe. Kipimo cha kwanza chaweza kufanywa kiangazi. Cha pili kifanywe kati ya Machi na Mei, mvua ya masika ikinyesha.